Siku Tisa za Joto

Jumanne, 16 Septemba 2025

Makopo matatu ya IPA, ile bia chungu yenye harufu kali, ya kiwanda cha Tärnskär. Nimeyanunua katika maduka matatu: vitongojini Sundbyberg na Kista, na mjini. Tarehe chini ya kopo ni moja kwa yote — bia ilitiwa koponi 18 Agosti. Wiki nne. Kwa aina hii bado ni changa. Inapaswa kunukia ganda la balungi, embe bichi, majani yaliyokatwa asubuhi.

Mbili zilinukia hivyo. Ya Kista, hapana. Rangi imeelekea kwenye chai. Harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, imekufa. Mdomoni asali kidogo, halafu boksi lililolowa mvua. Huo si uzee wa wiki nne. Ni miezi mingi, au ni joto, au vyote viwili.

Filip, mhariri wangu, alionja zote tatu akasema kwake ni bia. Halafu akawageukia watu wa matangazo akawasimulia tena habari ya 2019: jinsi nilivyoonja bia ya mtu fulani nikamwambia bomba lake la kupoozea linavuja, na kweli likakutwa linavuja. Kila mwaka kisa kinaongezeka. Leo, kwa simulizi lake, nilikuwa nimetaja hata ni bomba la ngapi. Sikumsahihisha. Huwa simsahihishi.

Nikaligeuza kopo la Kista chini ya lenzi. Nyuma ya tarehe nyeusi kuna kivuli cha tarehe nyingine. Imefutwa, lakini si sana.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekutana na Anicet huko Märsta, baada ya zamu yake. Ni Mrundi, tunaimba kwaya moja kanisani — yeye besi, mimi alto. Miaka miwili sasa anafanya kazi kwenye ghala la Tärnskär. Nilimwonyesha picha ya kivuli kwenye simu. Aliitazama, akasema tutembee.

Aliyonieleza, kwa ufupi. Mwezi Julai chumba cha baridi kiliharibika. Wenzake wawili walikuwa likizo, kama nchi nzima. Ghalani alikuwa yeye peke yake, nje jua, juu bati. Ndani kulikuwa na paleti sita za bia ya Januari iliyorudi bila kuuzwa. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi thelathini na tatu. Kuanzia tarehe 14 hadi fundi alipomaliza kazi, tarehe 23. Siku tisa. Alizihesabu kwa sababu kila asubuhi alikuwa akituma ujumbe kuuliza zile paleti azifanyeje, na kila asubuhi jibu lilikuwa asubiri.

Agosti likaja jibu. Rebecka, msimamizi wa ubora, alimpa kitambaa na chupa ya dawa. Futa tarehe. Kisha makopo yakapitishwa tena kwenye mashine ya kupiga tarehe.

Kuuza bia iliyozeeka si kosa hapa, mradi mnunuzi aione tarehe yake. Kuifuta na kupiga nyingine ni jambo tofauti kabisa.

Nilimuuliza kwa nini ananiambia. Akasema kwao urwarwa, ile pombe ya ndizi, ikishapita siku zake, mtu anaambiwa kabla hajapewa. Nikasema kwetu Machame mbege ni hivyohivyo. Tukacheka kidogo. Ndipo akasimama.

Kibali chake cha kazi kimeandikwa jina la kiwanda hiki. Ombi la kukiongeza liko kwa watu wa uhamiaji tangu Juni. Akipoteza kazi kabla ya jibu, kibali kinakwenda nayo — chake, cha mkewe Dancille, na cha mabinti wawili.

“Mama Nora,” akasema, “mimi nisionekane popote. Hilo tu.”

Nikamwambia miaka ishirini na sita sijawahi kumpoteza mtu aliyenipa habari. Ni kweli.

Jumatatu, 22 Septemba

Makopo kumi na manne zaidi, kutoka maduka tisa. Matano yana kivuli. Yale matano yote yana boksi na asali. Hayo tisa mengine ni safi.

Habari inasimama kwa miguu yake. Haimhitaji Anicet.

Jumatano, 24 Septemba

Maswali saba yamekwenda kwa Rebecka leo saa tano asubuhi. Filip aliyasoma mara mbili akasema hayana pa kupenya. La tano ndilo ninalolipenda mwenyewe:

“Ladha ya bia hii inaonyesha kwamba ilikaa siku tisa kwenye joto la zaidi ya nyuzi thelathini. Ilikuwa wapi?”

Wana hadi tarehe 8 Oktoba kujibu. Tunachapa tarehe 10.

Alhamisi, 25 Septemba

Rebecka alipiga simu saa tatu na dakika kumi asubuhi. Sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alinishukuru kwa maswali. Majibu yatakuja kwa maandishi, yanapitiwa na mwanasheria. Kuhusu tarehe zilizofutwa, hakugusa kabisa.

Halafu akasema ana jambo dogo. Swali la tano.

“Siku tisa,” akasema. “Si wiki moja. Si siku kumi. Hizo tisa umezionja?”

Nikasema kuonja ndiyo kazi yangu. Si uongo. Wala si jibu.

Akasema amesikia kisa cha bomba, kila mtu katika biashara hii amekisikia. Angefurahi kuona ulimi huo ukifanya kazi. Nije kiwandani Jumanne ya tarehe 7 Oktoba, saa nane mchana. Ataniandalia glasi nne.

Nilipoweka simu chini nilifungua barua niliyoituma jana. Nikaisoma kama barua ya mtu mwingine.

Ulimi unajua kwamba bia imepata joto. Unajua kama ni joto kali au la wastani, la muda mrefu au mfupi. Kuhesabu tisa hauwezi. Hakuna ulimi unaoweza. Miaka yote nimewafundisha waandishi wachanga: usiandike “siku kadhaa” kama unayo tarakimu. Nilikuwa nayo. Nikaiandika.

Waliojua ni siku tisa ni watatu. Rebecka. Fundi wa mashine za baridi. Anicet.

Sheria ya hapa inanikataza kumtaja aliyenipa habari. Inazikataza ofisi za serikali kumtafuta. Kampuni binafsi haiikatazi.

Ijumaa, 26 Septemba

Sikupiga simu. Nilipanda treni hadi Märsta.

Dancille alinifungulia, akaweka chai, akaketi nasi. Mabinti walikuwa chumba cha pili wanabishana kwa Kiswidi juu ya chaja. Nilieleza kila kitu kwa mpangilio, pamoja na swali la tano neno kwa neno. Anicet alisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti.

“Namba nilikupa mimi,” akasema. “Kuiandika alikutuma nani?”

Nikasema nilijituma mwenyewe.

Dancille akamimina chai ya pili. Akasema kanisani huo ulimi wangu unasifiwa kuliko mahubiri. Basi safari hii ukawafanyie kazi wao.

Kisha Anicet akaniambia la jana. Mchana Rebecka alipita ghalani, akamuuliza kwa upole ni akina nani hasa walikuwa likizo Julai, akaandika. Jioni akachukua makopo ya bia mpya kutoka chumba cha baridi, akayaweka kwenye kabati la joto karibu na chumba cha mitambo. Mlangoni amebandika ratiba. Makopo ya kwanza yaingie tarehe 25, ya pili tarehe 28, ya tatu tarehe 2. Yote yatoke tarehe 7.

Nikahesabu kwenye kikombe kwa kidole. Siku kumi na mbili. Siku tisa. Siku tano. Na glasi ya nne itakuwa ya bia ambayo haikuguswa.

Ndiyo maana Rebecka aliichagua tarehe 7: joto lipate siku zake.

Nikiitambua ya siku tisa, namba ni ya ulimi wangu na Anicet ni mtu wa ghala tu. Nisipoitambua, namba ina mwenyewe. Nisipokwenda, ni sawa na kutoitambua.

Tuliagana mlangoni. Dancille alinipa mkono. Huwa ananikumbatia.

Jumapili, 28 Septemba

Bafu langu sasa ni kabati la joto. Sakafu inapashwa, nimeongeza taa ya sola ya mimea niliyoiazima kwa jirani — hapana, si ya sola, ya umeme. Niandike sawasawa. Kipimajoto: nyuzi thelathini na mbili, thelathini na tatu. Makopo ya kwanza yaliingia Ijumaa usiku, mengine yataingia Jumanne. Tarehe 5 nitakuwa na ya siku tisa na ya siku tano. Ya kumi na mbili siwezi kuipata. Siku hazitoshi.

Binti yangu Nora ana miaka kumi na saba na hujibu kwa Kiswidi hata nikimuuliza amekula nini. Leo amesema bafu linanuka jasho la makopo na anaoga kwa rafiki yake. Sijamweleza. Nimemwambia ni kazi.

Kwaya. Anicet alisimama safu mbili nyuma yangu. Hatukusalimiana, kama tulivyokubaliana. Nilimsikia akiimba. Besi yake haikutetereka.

Alhamisi, 2 Oktoba

Filip anauliza kwa nini sina raha na habari ambayo imekamilika. Nimemwambia nina swali moja nililoliandika vibaya. Akasema tulifute kwenye toleo la mwisho. Nikamwambia limeshasomwa na mtu aliyepaswa kulisoma.

Ni mhariri mzuri, hakuuliza zaidi. Aliniambia tu kwamba gazeti lina mwanasheria.

Anicet naye ana mwanasheria? Sikuuliza kwa sauti.

Jumapili, 5 Oktoba

Jaribio. Nora alimimina jikoni, mimi sebuleni nimegeukia ukuta. Glasi tatu kila mara: mpya, ya siku tano, ya siku tisa. Raundi nane. Maji na mkate mkavu katikati. Nikitema, si kumeza.

Mpya: mara nane kati ya nane. Hiyo haihitaji ulimi, inahitaji pua isiyo na mafua.

Tano na tisa: mara tano sahihi, mara tatu nimezibadilisha.

Nora akasoma karatasi yake akasema hata shilingi ningeirusha juu ingefika hapo. Kwa Kiswahili, safari hii. Kisha akauliza kuna nini.

Nimejifunza kitu kimoja. Bia ya siku tano bado ina uchungu mkali mwishoni, nyuma ya ulimi. Ya siku tisa uchungu umelainika na boksi linakaa muda mrefu. Mara tatu nilizokosea ni raundi za mwisho, ulimi ulikuwa umechoka. Kwa hiyo: onjo la kwanza, na lisirudiwe.

Tisa dhidi ya kumi na mbili sijui. Sina cha kujifunzia.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ujumbe wa Rebecka. Mstari mmoja. Kesho saa nane, usitumie manukato.

Situmii.

Jumanne, 7 Oktoba

Kiwandani. Chumba cha kuonjea, saa nane na dakika thelathini na tano. Naandika ndani ya daftari la kazi, Rebecka anadhani ni maelezo ya ladha. Kwa sehemu ni hayo.

Ilivyokwenda. Meza nyeupe, glasi nne za umbo moja, namba moja hadi nne. Sinia aliileta Anicet. Rebecka alimwita kwa jina, akamwambia asiondoke. Anazijua bia hizi kuliko yeyote, akasema. Kisha, kama utani, kwamba mgeni wa leo anatoka kwenu huko. Anicet akamjibu kwa Kiswidi safi, na kwa adabu, kwamba Tanzania ni nchi nyingine. Rebecka alicheka. Mimi sikuinua macho.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Moja haikuguswa. Tatu zimepata joto, siku tofauti. “Nionyeshe ya siku tisa,” akasema. “Basi swali lako la tano nitalijibu mwenyewe, kwa jina langu.”

Aliyemimina ni Anicet. Hilo nalo Rebecka alilisema, polepole.

Kisha simu yake ikalia. Akaomba radhi akatoka. Mlango ni wa kioo, ukuta pia. Ametuacha wawili humu ndani.

Namba mbili: balungi, majani, povu gumu. Haikuguswa. Namba nne: asali nyepesi, uchungu bado unauma nyuma. Siku tano. Nina hakika kadiri ninavyoweza kuwa nayo.

Zimebaki moja na tatu. Nimeonja kila moja mara moja. Boksi lilelile. Asali ileile. Nikisema tatu ni nzito zaidi, ni kwa sababu nimeionja ya mwisho. Sijui.

Rebecka yuko upande wa pili wa kioo. Simu iko sikioni, lakini midomo yake haisogei. Anatutazama.

Anicet yuko mlangoni, mikono nyuma. Nilimwomba siku ile kwao, tukinywa chai, kwamba chochote kitakachotokea asinisaidie. Aliitikia kwa kichwa. Dancille hakuitikia.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko kwenye glasi ya tatu. Kimya.

Nimeuhamishia kwenye ya kwanza.

Amekohoa.

Nimerudi kwenye ya tatu. Kimya. Ya kwanza — amekohoa tena, mara moja, kavu, kifua cha mtu ambaye Jumapili aliimba saa nzima bila kukohoa.

Rebecka ameshusha simu. Hanitazami mimi, anamtazama Anicet.