Nani Aliingia Chumbani Kwangu?

Wajukuu zangu, na wewe baba yao,

Nimekwenda kliniki kwa ajili ya goti, nitarudi jioni. Maharage yako jikoni. Yapasheni kwa moto mdogo yasishike chini.

Mimea yangu ya dirishani, ile ya majani manene yaliyojipanga kama waridi, msiimwagilie. Ina maji yake tumboni, mkiiongezea itaoza shina. Na yale majani niliyoyalaza juu ya mchanga, kwenye kopo la rangi nililolitoboa chini, si takataka. Yanatoa mizizi, na kila moja litazaa kichanga chake.

Sasa la asubuhi. Nilipouliza nani aliingia chumbani kwangu, mlikana wote kwa pamoja. "Si mimi, Bibi!" "Haki ya Mungu si mimi!" Hata baba yenu, mtu mzima na ndevu zake, aliapa na chai mdomoni. Mlidhani nataka kugomba. Mimi nilikuta jani limedondoka sakafuni, nikasema moyoni, kuna mtu alikuja kuitazama mimea nikiwa nimelala. Nilifurahi, jamani. Nilitaka kumjua nimwekee kiti.

Kumbe alikuwa paka; nimemkuta sasa hivi dirishani akiyachezea majani.

~~Basi mtu asiguse kitu chumbani kwangu.~~

Hapana, guseni. Jani likidondoka tutalipanda pamoja. Ila mje nikiwa macho.

Bibi yenu