Mfuko wa Ndani

Mama,

Nianze na kosa langu, maana ulitulea hivyo, habari nzuri isubiri. Niliuza mkoba wako. Ule wa kahawia uliokuwa ukining'inia kwenye msumari wa nyuma, pale kibandani kwetu Ruiru tunapouzia mikoba. Siku ulipougua jirani alikutolea simu na kitambulisho mkobani, tukakimbia na wewe hospitali, mkoba ukabaki pale pale. Wiki mbili baada ya kukuzika nyumbani Theta nilifungua kibanda, kwa sababu kukaa ndani bila wewe kulikuwa kunanimaliza. Mama mmoja akaupenda, akasema ni wa kwenda nao kanisani. Nikamfungia kwenye gazeti usiingie vumbi, akapanda bodaboda akarudi kwao Kalimoni. Wewe kila mwezi ulikuwa ukitoa mkoba mpya kwenye mali ya kuuza unaubeba. Ningejuaje ni wako?

Ningejua kama ningefuata sheria yako, nakubali. Hakuna mkoba uliotoka mkononi mwako kabla ya mfuko wa ndani kufunguliwa, zipu na chini ya bitana, mbele ya mteja, hata akiwa na haraka. "Fungua kwanza. Huko ndani kunaweza kuwa na watu wa mtu." Nilikuambia mara ngapi kwamba unatupotezea wateja? Siku hiyo hukuwepo wa kuniangalia, na sikufungua.

Ndivyo ulivyowapata wageni wako wote. Mikoba ya mitumba inatoka Ulaya na picha za wenyewe zimesahaulika ndani, zingine za zamani kabla hujazaliwa, na wewe hukuweza kutupa hata moja. Ukazipanga kwenye ile albamu ya harusi uliyonunua mapema, na harusi yenyewe haikufanyika. Ukasema karatasi ni karatasi. Ukurasa wa kwanza tu ndio uliouacha wazi, na mimi sikukuuliza kwa nini.

Nawajua wote, Mama. Kuna yule bwana aliyevua koti, kichwa kimezama ndani ya boneti, na mke wake ameketi kando ya barabara kwenye blanketi, anamenya yai pole pole. Yule bwana ulimwita Njoroge. "Huyu mama anajua bwana yake hajui gari." Kuna wale watoto watano waliojazana kwenye kiti cha nyuma cha gari lisilo na paa, mmoja amekunja uso kwa sababu amekaliwa. Kuna baba anayeosha gari kwa ndoo akiwa amevaa tai, na jirani ameegemea ua akimwangalia bila kumsaidia. Na kuna Nyokabi wako, yule dada aliyeegemea gari jeusi lenye taa za mviringo, mkate mrefu kwapani, mguu mmoja juu ya bampa. Wewe ulimsalimia kila asubuhi, na hakuna mteja aliyekaa kwako dakika tano bila kuambiwa Nyokabi anamsalimu.

Sasa sikiliza. Kuna kijana anafungua mkahawa kule karibu na barabara ya bypass, alikuja kibandani akaiona albamu. Akasema picha kama hizo zinatafutwa sana, magari ya zamani hasa, anataka kuzijaza ukuta mzima. Anataka zote. Nilimwambia aje Jumatatu azichukue. Ndiyo, nilisema hivyo. Wewe hupo, nikajiambia, na hao wazungu hata hawatujui.

Jumamosi yake Tata Wairimu, dada yako, akaja kuniona. Tulikuwa tunaongea juu ya programu ya mazishi, vile tuliweka picha ya kitambulisho, ile unayoonekana kama umekamatwa, kwa sababu hatukupata nyingine. Kwenye picha zote za chama chenu cha akina mama umejificha nyuma ya mwenzako Mama Njeri. Tata akanishangaa. Akaniuliza kwani sikuona ile ya Thika, ya ujana wako, uliyopigwa ukiegemea gari la mtu, Pijo nyeupe, mguu kwenye bampa, kabla mwenyewe hajatoka dukani kukufukuza. "Alikuwa anaihamisha kila akibadilisha bag. Inakaa kwa mfuko ya ndani."

Nilikaa chini. Picha yako ya pekee, Mama, na niliifungia mimi mwenyewe kwenye gazeti. Usiku huo sikulala, na nilichukia mikono yangu.

Lakini unanijua, sikai na jambo. Kesho yake nilikuwa Kalimoni kanisani, kiti cha mbele. Wakati wa matangazo wageni wakaambiwa wasimame, nikasimama. Nikasema mimi ni Wambui, wa Mama Wambui wa mikoba kule Ruiru. Nikasema niliuza mkoba wa kahawia na mama yangu yuko ndani, akiwa msichana, ameegemea gari. Watu walicheka kidogo. Halafu nikasikia zipu. Moja, halafu nyingine, halafu kanisa zima, mpaka mke wa pasta anapekua wake. Nusu ya mikoba ile niliitambua, ilitoka kwako.

Shosho mmoja, bibi mzee wa mkongojo, akanijia kwanza, akanipa picha iliyochakaa pembe. Mtoto wa kizungu amesimama kando ya gari, amekumbatia paka. Mkoba aliununua sokoni Thika. "Huyu mtoto nimekaa na yeye miaka mingi, sikujua nimpeleke wapi." Bado nimeishika hiyo, yule mteja wangu wa mkoba wa kahawia akaingiza mkono chini ya bitana mpaka kiwiko, akakutoa. Hakuwa anajua kama upo. Kwa hivyo umekuwa ukienda ibada Kalimoni kila Jumapili, wewe uliyesema kwaya yao inavuta wimbo mpaka chakula kinapoa. Nililia mbele ya watu, Mama, na sikujali.

Nilikuweka kando ya Nyokabi kwenye meza nikawaangalia. Ni mguu ule ule kwenye bampa, na kidevu kile kile. Wewe ulipigwa Thika kabla hujawahi kumwona. Sasa najua kwa nini ulimsalimia kila siku.

Kijana wa mkahawa alikuja Jumatatu nikamwambia hakuna. Akaniuliza ninawawekea nani watu nisiowajua. Nikamwambia kuna mtu kwao anawatafuta, kama mimi nilivyokuwa nikitafuta, ila yeye hajui kanisa la kusimama. Alinitazama kama nimechanganyikiwa, akanunua chai kibanda cha jirani akaenda.

Yule mtoto mwenye paka nimemweka baada ya Njoroge, na bado hana jina, nitamtafutia. Wewe nimekuweka ukurasa wa kwanza. Mwenye mkoba nilitaka kumpa mwingine, akakataa, anasema huo ameuzoea.

Lala, Mama, usihangaike na kibanda. Leo asubuhi mteja alikuwa na haraka, bodaboda inamngoja na injini inanguruma. Nilimsimamisha, nikamwambia afungue kwanza. Hatoki mtu hapa hivi hivi tena, nakuahidi.

Wako,
Wambui