Mvumo wa Spika za Baba

Jumatatu, 8 Aprili

Hili sijamwambia mtu. Tangu Baba afariki, muziki kwangu ni kelele tu. Si mbaya, si nzuri. Kama maji ya bomba.

Na mimi ndiye natakiwa kuchagua.

Ba'mdogo Tetsuro ameleta spika mpya kutoka dukani kwao Sendai. Nyembamba, nyeusi, zinang'aa mpaka unajiona uso. Kwa bei yake unanunua gari. Ameazimwa mpaka tarehe 21, siku ya arobaini na tisa tangu Baba afariki, tutakapomfanyia ibada ya kumuaga hekaluni. Siku hiyo ama zinabaki hapa mgahawani kwetu, ambako watu huja kunywa kahawa na kusikiliza santuri, ama zinarudi. Zikibaki, za Baba zinachukuliwa na mtu wa Tokyo anayekusanya vitu vya zamani.

Za Baba ni kubwa kama makabati. Ile ya kushoto, karatasi yake ya ndani imechanika mara nyingi, na kila mara Baba aliibandika kwa gundi na kipande cha karatasi ile nyeupe inayobandikwa kwenye milango. Sasa hakuna wa kubandika.

Mama alisema, "Shiori ataamua. Baba yake alikuwa akisema wana masikio mamoja."

Wote wakanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Sijui kwa nini.

Jumatano, 10 Aprili

Tumefungua tena. Kibao cha Baba bado kiko ukutani: Santuri ikilia, usiongee, usiimbe hata puani. Aliwahi kumtoa nje Kuwabara, daktari wa meno, kwa kuimba puani. Kuwabara akasimama kwenye theluji mpaka upande wa santuri ulipoisha, akarudi, akainama, akakaa kiti chake kilekile. Anajisifia jambo hilo mpaka leo.

Ba'mdogo amefunga swichi ya kuchagulia spika. Kulia, spika mpya. Kushoto, za Baba. Tulipiga santuri moja mara mbili, halafu wateja wakaruhusiwa kusema.

"Hizi mpya ni kama hospitali," alisema Bibi Otsuki wa duka la tofu. "Safi, lakini nani anataka kulala humo?"

"Bibi wewe unalala popote," Kuwabara akasema. "Hata kwenye kiti changu ulikoroma."

"Ulinidunga sindano mbili. Ulitaka nicheze?"

Ba'mdogo akasema humu unasikia kila kitu, hata kidole kikigusa uzi wa gitaa.

"Nani kakwambia nataka kusikia kila kitu?" Bibi akamjibu. "Nataka ule mvumo wa Masta."

Masta ni Baba. Mvumo ni ule wa spika zake, wa chini, hauishi hata muziki ukitulia. Nilikuwa naosha vikombe. Ningeulizwa, ningesema zote sawa.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekosea.

Kuwabara aliomba santuri anayoipenda, kwa spika za Baba. Nikaiweka. Akafumba macho, Bibi Otsuki naye akafumba. Ilipoisha, Kuwabara akajifuta uso kwa kitambaa.

"Huyo ndiye Masta," alisema. "Umeusikia ule mvumo, Bibi?"

"Umeniingia mpaka kwenye magoti."

Nilipokwenda kutoa santuri nikaona swichi. Ilikuwa kulia. Spika mpya, tangu asubuhi. Nilisahau kuigeuza.

Sikusema. Niliirudisha kushoto, nikaweka kikombe cha kahawa mbele ya picha ya Baba. Angecheka mpaka akae chini. Nilingoja na mimi nicheke. Hakikuja kitu.

Jumanne, 16 Aprili

Leo tumefunga. Mama alikwenda hekaluni kupanga mambo ya Jumapili. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye rafu nikakuta utepe wa kaseti, na mwandiko wa Baba juu yake: Shiori, darasa la sita.

Naikumbuka siku ile. Nilipiga piano hapa, kabla ya kufungua, mimi na Baba tu. Yeye akirekodi.

Niliupiga kwa spika zake. Piano, makosa yangu, mvumo. Basi.

Nikageuza swichi.

Mvumo ukakatika. Na nyuma ya piano kuna mtu anaimba puani. Hapatii sauti, na amechelewa kidogo. Kisha akavuta kamasi, kama anavyovuta kila mara kabla ya kushusha sindano ya santuri.

Baba.

Nikarudisha swichi. Mvumo wa spika zake uko chini palepale ilipo sauti yake, unamfunika kabisa. Nikageuza — yupo. Nikarudisha — hayupo. Yupo. Hayupo.

Yeye aliyemsimamisha Kuwabara kwenye theluji.

Sikulia. Nilikaa nikigeuza swichi mpaka Mama aliporudi na mfuko wa vitunguu. Akauliza kama nimeamua. Nikasema bado.

Ijumaa, 19 Aprili

Mtu wa Tokyo amepiga simu. Mama alimwambia asubiri.

Kwenye spika ya kushoto, juu ya gundi, kuna alama ya kidole gumba cha Baba. Niliweka changu. Kimepwaya.

Jumapili, 21 Aprili

Hekaluni tumemaliza. Wote wako mgahawani na nguo nyeusi, wamekula. Gari la ba'mdogo liko mlangoni, na kamba ameleta.

"Shiori mwanangu," alisema Kuwabara, "usituhamishie hospitalini."

Wakacheka. Mama hakucheka. Akasema, "Haya. Zipi?"

Nikisema mpya, wataniuliza kwa nini, nami sina jibu ila utepe. Wakiusikia, Baba atakuwa kichekesho cha kusimulia kwenye kiti cha daktari wa meno. Nikisema za zamani, ninamfunika kwa mkono wangu.

Nikasema kahawa inachemka. Naandikia jikoni, juu ya pipa la mchele. Kahawa haichemki. Jiko sijaliwasha.

Huko nje wameweka santuri wakinisubiri. Kimya, kama walivyofundishwa. Sijui swichi iko upande gani.

Humu jikoni kuna mtu anaimba puani. Hapatii sauti, na amechelewa kidogo. Ni mimi. Pazia la mlangoni ni kitambaa tu, lazima wananisikia. Hakuna aliyekuja kunitoa nje.

Mama anaita tena.

Yaliyomo kwenye utepe unayajua wewe peke yako, daftari langu. Yashike. Usimwambie mtu, hata Mama, mpaka niseme mwenyewe. Na Kuwabara usimwambie kamwe.