Amefunga, Amefungwa, Amefungua

Jumapili. Mvua ilianza alasiri, kama ilivyo desturi yake hapa Keumbu, ikapiga mabati hadi nikashindwa kusikia redio, kisha ikaondoka bila kuaga. Sasa ukungu umekaa juu ya migomba. Nimeketi dirishani, na tangu nilipomaliza chakula cha mchana ninatabasamu peke yangu. Si kawaida yangu. Waliowahi kuwa wanafunzi wangu watathibitisha.

Sababu ni alama moja ya kuuliza.

Kamati ya Ngurumo za Keumbu, klabu yetu ya mpira wa miguu, inataka historia ya klabu iandikwe ukutani pale uwanjani. Mwenyekiti ameniletea rasimu niisahihishe. Nimesahihisha mengi. Wameandika "Ngurumo wa Keumbu" toka mwanzo hadi mwisho, kosa ambalo nimepigana nalo tangu nilipokuwa katibu, na ambalo litaishi kuliko mimi. Lakini kando ya mstari mmoja mwenyekiti ameweka alama ya kuuliza: katika mechi ya Nyamira, tulishinda kwa bao moja au kwa mabao mawili? Walioisikiliza mechi ile hapa sokoni wanaapa kwamba yalikuwa mawili. Waliokuwa uwanjani wanasema lilikuwa moja.

Nimeulizwa mimi. Nilikuwepo sokoni. Ninajua.

Ngurumo haijawahi kuwa klabu kubwa. Ilianzishwa katika miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya, na wapakizi wa malori, walimu wachache, mwuza nyama mmoja na fundi cherehani aliyetoka Tanganyika. Uwanja wetu ulikuwa mteremko, kwa sababu hapa kwetu ardhi haijui kulala. Kipindi kimoja ulicheza ukipanda, kipindi cha pili ukishuka, na mpira uliotoka upande wa chini ulitafutwa katika shamba la pareto. Milingoti ya goli ilikuwa ya mkaratusi mbichi. Msimu mmoja ilichipua majani, nasi tukaiacha hivyo hivyo, kwa kuwa golikipa alisema inampa kivuli.

Tulicheza ligi ya chini kabisa. Lengo letu la kila mwaka lilikuwa tusifukuzwe humo.

Yule fundi cherehani alifariki mapema, akamwacha mjane, Mama Rashidi, aliyeuza chai na mahamri kando ya barabara, na mwana mmoja wa kiume, Rashidi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini Rashidi ndiye aliyekuwa mshambulizi wetu. Nasema "wetu" kana kwamba tulikuwa na wengine. Hatukuwa nao. Wengine wote walikimbia nyuma ya mpira. Yeye alikuwa anaufikia.

Mwezi mmoja wa Ramadhani, katika mechi kali, Rashidi alikunywa maji wakati wa mapumziko. Yeye mwenyewe alimweleza mama yake, jioni ile ile. Mama Rashidi hakupiga kelele. Alimwambia tu, mbele yangu: "Mwakani ukifungua kwa ajili ya mpira, basi, mpira umekwisha. Utakwenda kwa mjomba wako Kisumu ukashone suruali." Aliyemjua Mama Rashidi alijua kwamba suruali zile zilikuwa zimekwisha kupimwa.

Mwaka uliofuata, mechi yetu ya mwisho iliangukia katikati ya Ramadhani. Ilikuwa ugenini, Nyamira. Tukishindwa, tungetolewa katika ligi. Tukishinda lakini Rashidi akila au akinywa, tungebaki katika ligi bila mtu wa kufunga bao hata moja. Kwa hiyo asubuhi ile soko zima lilikuwa na swali moja: atafunga?

Angalieni neno hilo. Aliyemaanisha bao aliuliza hivyo. Aliyemaanisha saumu aliuliza hivyo hivyo.

"Mama Rashidi, leo kijana atafunga?" aliuliza dereva wa lori la ndizi, mdomo umejaa hamri.

"Amefunga tangu alfajiri."

"Mimi nauliza bao."

"Na mimi nakujibu lililo kubwa."

"Lakini Mama, msafiri si anaruhusiwa kula?"

"Msafiri wa wapi? Nyamira? Moshi wa jiko langu unafika Nyamira kabla ya hilo lori lako."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aligeuza mahamri yake kwenye mafuta, mahamri ambayo asingeyaonja mpaka jua lizame.

Sasa nieleze namna tulivyopata habari, maana wajukuu zangu hawaamini. Simu haikuwepo sokoni. Lakini watu wa vilima hivi wamepashana habari kwa sauti tangu zamani: moto, msiba, ng'ombe aliyepotea. Mtu husimama ukingoni, huzungushia viganja mdomo, huita kwa mwito mrefu hadi kilima cha ng'ambo kiitike, ndipo hutamka ujumbe, silabi baada ya silabi. Nyabuto, mfua jezi wa klabu na mwenye koo kubwa kuliko watu wote ninaowajua, alikuwa amepanga shemeji, binamu na marafiki zake wasimame vilimani kutoka Nyamira hadi kwetu. Kwa Ekegusii, lugha yetu, wangeweza kusema lolote. Lakini mpira tuliujua kwa redio, na redio ilisema Kiswahili. Bao, kwetu, lilikuwa la Kiswahili.

Nilipinga. Niliieleza kamati kwamba kati ya "tumefunga" na "tumefungwa" kuna w moja tu, na kwamba herufi ndogo kama ile haiwezi kuvuka mabonde yote yale ikafika ikiwa hai. Nilipendekeza waite "furaha" au "huzuni".

Nyabuto alinitazama kwa huruma. "Mwarimu," alisema, kwa ile r yetu ya Kisii, "mtu hawezi kusimama mbele ya ng'ombe wake akaita 'huzuni'. Majirani watakuja na kuni za matanga."

Kamati ilimuunga mkono yeye.

Lori la timu liliondoka likiwa limejaa wachezaji na watu wenye sauti kubwa kuliko yangu, Nyabuto akiwemo, nami nikabaki. Mchana tulikusanyika nyuma ya soko, ukingoni. Kwenye kilima cha ng'ambo alisimama Kerubo, dada yake Nyabuto, aliyekuwa kiungo cha mwisho. Kwa umbali ule alikuwa leso nyekundu na jembe tu. Mama Rashidi aliacha jiko lake, akaja akasimama kando yangu.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila kunguru.

Kisha ilikuja.

Mwanzo haikuwa neno. Ilikuwa uzi mwembamba wa sauti, mbali sana, upande wa Nyamira. Ikazama bondeni. Nikadhani imekufa. Ikaibuka kwenye kilima cha karibu zaidi, kwa koo jingine, zito. Ikazama. Ikaibuka tena, sasa sauti ya mwanamke, kisha ya mzee. Katika mashamba watu waliacha kulima, wakainua vichwa, mmoja baada ya mwingine, kama majani yanayopitiwa na upepo. Hatimaye Kerubo alitugeukia.

"Ra-si-di! A-me-fu-nga!"

A-me-fu-nga. Hapakuwa na w. Nilisikiliza hadi mwangwi ulipokwisha, na hapakuwa na w.

Soko lililipuka. Mwuza nyama alimkumbatia mteja aliyekuwa akigombana naye. Mama Rashidi peke yake hakusogea.

"Mwalimu," alisema, "amefunga nini?"

"Bao, Mama."

"Wamesema bao?"

"Hawakusema."

"Basi umejuaje?"

Alikuwa amesema kweli. Kitenzi kilikuja peke yake, bila yambwa. Huenda Nyabuto alikuwa anatangaza bao. Huenda, kwa kumjua mama huyu, alikuwa anamtuliza tu.

"Waulize," alisema.

"Mama, mechi inaendelea."

"Hata mimi moyo wangu unaendelea. Mwambie Kerubo aulize: amefunga au amefungua?"

Nilishtuka. Nilikuwa nimeihofia w. Sasa tulikuwa tunatuma u. Kama neno hilo lingerudi limechakaa, mama angesikia kwamba mwanawe amekula, na kabla ya Iddi Rashidi angekuwa Kisumu anapima suruali. Lakini macho ya mama yalikuwa juu yangu. Nilizungushia viganja mdomo, mimi niliyekuwa naadhibu watoto kwa kupiga kelele, nikaita.

"Amefungua nini, Mwarimu?" alijibu Kerubo kutoka ng'ambo. "Mrango?"

"Usiulize! Peleka!"

Akapeleka. Nikalisikia swali la mama likizama na kuibuka, likizama na kuibuka, likibebwa na watu ambao wengi wao hawakujua linahusu nini. Wakristo wa vilimani, wenye chai ya mchana tumboni, walikuwa wanauliza habari za saumu ya mtoto wa Kiislamu, na hakuna aliyelipunguza wala kuliongeza.

Yaliyotokea upande wa pili nilisimuliwa baadaye. Mvua ilikuwa imekwisha kuanza Nyamira. Nyabuto alilipokea swali, akalitupa uwanjani huku mpira ukichezwa: "Rashidi! Mama anauliza kama umefunga!" Beki wa Nyamira alikasirika. "Wewe ni kipofu? Si ametufunga sasa hivi tu!" Uwanja mzima ukacheka.

Beki huyo nilikutana naye miaka mingi baadaye, kwenye harusi huko Magwagwa, naye tayari ana mvi. Alinieleza jambo ambalo sijaweza kulisahau. Alisema mvua ilipoanza, wachezaji wote waliinua nyuso, wakafungua midomo, wakanywa mawinguni huku wakikimbia. "Sisi na wenzenu, wote. Makoo yalikuwa yamekauka. Yule kijana wenu peke yake alifunga mdomo. Akakimbia hivyo, midomo imebanwa, maji yanamtiririka puani, anapumua kama fahali. Nilimkaba hadi mwisho, Mwalimu, na sikuwahi kuona meno yake."

Nyabuto aliuliza tena, na Rashidi, bila kusimama, alijigusa midomo kwa kidole. Imefungwa. Nyabuto aligeuka, akaita.

Sisi tulikuwa tumesimama pale pale. Nililiona jibu kabla ya kulisikia, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja nyuma yake. Pazia jeupe lilitoka upande wa Nyamira, likifuta kilima kimoja baada ya kingine, na mbele ya pazia hilo, kwa umbali wa kilima kimoja tu, ilikimbia sauti. Inaibuka, kilima kinatoweka. Inaibuka, kilima kinatoweka. Mvua ile ingelipata neno hata mara moja, tusingesikia chochote. Sijaona mashindano ya namna ile katika uwanja wowote.

Leso nyekundu ya Kerubo ilikuwa inaanza kufifia alipoita.

"A-me-fu-nga!"

Mvua ikamfunika. Kisha ikatufunika sisi.

"La pili!" alipiga kelele mwuza nyama. "Buya mono! Vizuri sana! La pili!" Soko likaingia mvuani na kucheza. Dereva wa lori la ndizi alipiga honi mpaka watoto wakaja kumsaidia kuipiga.

Mama Rashidi alikaa chini palepale kwenye tope, akajifunika uso kwa leso yake.

"Mwalimu," alisema kutoka ndani ya leso, "hilo halikuwa bao."

"Halikuwa, Mama."

"Waache washangilie."

Nikawaacha. Mimi, ambaye sijawahi kuliacha kosa lipite.

Lori lilirudi mvua imekwisha na mwanga umekuwa wa manjano. Watu walitaka kumbeba Rashidi, lakini mama yake alikuwa amesimama mbele yao na kikombe cha maji na tende moja kwenye kisahani. Hakumpa. Alitazama upande wa magharibi, naye Rashidi akatazama, midomo yake imepasuka kama udongo wa kiangazi. Wote tukatazama. Walokole, Waadventista, Wakatoliki, wapakizi wasio na dini inayojulikana: soko zima likasimama kimya likisubiri jua, na wengi, naamini, hawakujua kwa nini wamenyamaza.

Jua likazama. Mama akatoa kikombe.

Rashidi akafungua.

Hakwenda Kisumu. Alicheza Ngurumo hadi magoti yake yalipokataa, na tulibaki katika ligi ile ile ya chini, tukiwa na furaha. Ukimwuliza leo habari za mechi ya Nyamira, hucheka na kusema, "Nilifunga, Mwalimu," wala haongezi neno.

Nimekaa na kalamu tangu mchana. Nimeandika "bao moja", nikafuta, kwa kuwa nilisikia sauti mbili zikivuka vilima, na zote mbili zilisema kweli. Nimeandika "mabao mawili", nikafuta, kwa kuwa ni uongo, na ukuta haustahili uongo.

Sasa nimepata. Kesho asubuhi nitampelekea mwenyekiti rasimu yake. Penye alama ya kuuliza nimeandika hivi: "Katika mechi ya Nyamira, Rashidi alifunga mara mbili."

Nimeisoma tena na tena. Haina kosa.