Mbuzi Wangu wa Uchina

Jumapili, jioni. Mvua imenyesha hapa Woolwich, London, tangu asubuhi, ile mvua nyembamba ambayo haina haraka na haina mpango wa kuacha. Mgongo unaniuma upande wa kulia, kwa sababu ya mbao za jipsamu tulizopandisha ngazi jana kazini.

Leo nimegundua kwamba sina mbuzi.

Niandike tangu mwanzo, maana jambo hili kichwani limekaa vibaya.

Wakati wa ibada ya mavuno kanisa letu lilipitisha bahasha. Wengi pale ni Wakongo, sisi Watanzania ni wachache. Makanisa kadhaa yamejiunga kununua mifugo na kuwapa wakulima maskini wa vijijini Uchina, huko milimani. Mama Furaha, mama wa Kikongo anayesimamia mchango, alitueleza kwamba vijana wa huko wamekwenda mjini viwandani, vijijini wamebaki wazee na wajukuu na mashamba yenye mawe. Nikaona anaeleza kijiji chetu.

Kazini Khamis alinicheka. Khamis ni Mpemba, tunabeba naye vifusi kwenye saiti moja ya ujenzi. "Wachina wamekujengeeni barabara mpaka kwenu Dodoma, nawe wawapelekea mbuzi? Si ungewapa na ng'ombe basi, wakumalizie na daraja."

Nilitoa. Nikapewa kadi yenye picha. Mbuzi jike, mweusi, baka jeupe usoni, ncha ya sikio la kushoto imechanika. Amesimama mbele ya ukuta wa mawe, na juu ya ukuta mahindi yametundikwa yakauke. Mama mmoja wa makamo ameshika kamba, anacheka kwa aibu. Kadi nikaiweka dirishani chumbani kwangu.

Mimi shule niliiacha darasa la tano nikaenda kuchunga. Ninachokijua kuhusu kutoa mnyama nilifundishwa zizini, na ni hivi: mtu hafugi mifugo yake yote nyumbani kwake. Huyu unamweka kwa fulani, yule unamweka kwa fulani wa mbali ambako mvua imenyesha. Mwenzako anakunywa maziwa na kutumia samadi, mnyama anabaki kuwa wako. Kuanzia hapo mmekuwa ndugu. Akifiwa unakwenda. Ukishikwa na njaa anakuja na debe la mtama, wala hakuulizi utalirudisha lini. Nilipokuwa mdogo, jina la baba yangu lilijulikana katika vijiji ambako sikuwahi kufika, kwa sababu ya mbuzi tu.

Halafu ukame ukamaliza wetu, ukamaliza na waliokuwa kwa wenzetu. Baba amekufa bila kwato hata moja. Nyumba zile zikanyamaza, na sisi tukanyamaza.

Kwa hiyo nilipopewa ile picha sikuona sadaka. Niliona nimeweka mbuzi kwa watu.

Nikampigia mama. Mama anaishi kwa kaka yangu, na kuhusu London hana la kuniuliza. Hajui saiti ni nini, na mimi sijui namna ya kumweleza chumba kisicho na ua wala jirani anayepiga hodi. Simu zetu zilikuwa zimebaki salamu tupu. Mbuzi alitupa la kuzungumza. Anakula nini? Huko kuna fisi? Amepandwa? Na huyo mama anaitwa nani, nimwombee? Nikasema jina silijui, ila nyumbani kwake kuna mahindi yametundikwa. Akamwita Mama Mahindi. Tangu siku hiyo anamwombea kwa jina hilo, kila anapoamka.

Nami kila Jumapili namuuliza Mama Furaha, "Mbuzi wangu hajambo? Amezaa?" Naye anacheka, "Bado, baba, bado."

Nilidhani anajua.

Leo baada ya ibada nikaenda kuchukua chai. Mezani walikuwa wamepanga kadi kwa ajili ya watoaji wapya. Zilijaa meza nzima. Mbuzi mweusi, baka jeupe, sikio la kushoto limechanika. Kila kadi. Mama Mahindi anacheka kwa aibu kutoka kila upande.

Nilisimama na kikombe mpaka Mama Furaha akanifuata.

"Baba, ile foto iko moja tu, ya watu wote. Feza ya kwako inaingia pamoja na ya wengine, njo vile wanatoa mbuzi kule."

"Sasa huyu ni wa nani?"

"Ya Mungu," akasema, halafu akauona uso wangu. "Pardon, baba. Kila yenga, kila Jumapili, unauliza, mi niliwaza uko nacheka tu."

Hakunidanganya. Sikuibiwa. Kuna wazee huko milimani wamepewa mbuzi, nina hakika, na pengine mwaka huu wajukuu wanakula vizuri zaidi. Nilipaswa kufurahi. Nimepanda basi, nikapitiliza kituo changu.

Nimefika tu chumbani, simu ikalia. Mama. Swali la kwanza lilikuwa lile lile: amezaa?

"Amezaa mapacha." Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lingetupa mwaka mzima wa mazungumzo.

Nikamwambia ukweli. Kwenye simu nikasikia kuku wa kaka yangu wakigombana uani.

"Sasa akifa," akasema, "ngozi watampelekea nani?"

Kwetu mnyama uliyemweka kwa mtu akifa, yule mtu anamchuna na kukuletea ngozi, hata kama ni mwendo wa kutwa, ujue kwamba hakumuuza. Unaipokea, unampa maji ya kunywa, mnakaa.

"Hakuna wa kupelekewa, mama."

"Basi na wao wako peke yao huko," akasema. "Kama wewe."

Hakusema kwa ubaya. Baada ya hapo tukatafuta maneno, hayakupatikana, tukaagana.

Mwakani bahasha itapita tena. Nitatoa, kwa sababu mzee mwenye mjukuu na shamba la mawe anahitaji mbuzi, awe ananijua au hanijui. Ila habari za mbuzi sitauliza. Nitatoa kama wanavyotoa watu wa hapa: unaweka, unapitisha kwa aliyekaa kando yako, unaendelea kuimba.

Nikishazoea kutoa hivyo, mama akinipigia nitakuwa na nini cha kumwambia?