Titi Langu Limeota

Likasi, Jumapili. Mvua tangu asubuhi, bati linapiga kelele mpaka radio haisikiki. Leo nina furaha na haya kwa pamoja, sijui nianze na lipi.

Nianze na harufu.

Tangu jana chumba chetu kinanuka. Mume wangu, Baba Kasongo, akasema panya amekufa mahali. Nami, mwongo mkubwa, nikaitikia kwamba ni panya kweli, huku najua vizuri kilichokuwa chini ya godoro, upande wangu.

Lilikuwa titi langu.

Siyo la nyama. Hilo walilikata hospitalini mwaka juzi, la kushoto, kwa sababu ya ugonjwa. Hili nilijishonea kwa kipande cha kitenge. Kwanza nilijaza pamba, lakini pamba ni nyepesi, ukicheza kidogo inapanda mpaka shingoni. Nikatia maharagi ya posho anayoleta mume wangu kutoka kampani. Maharagi yana uzito, yanatulia mahali pake, na bega halipindi. Majirani hawakujua kitu.

Alhamisi wanawake wa kartie, mtaa wetu mzima, tuliitwa kucheza animasyo, zile ngoma za kusifu Chama, kwa sababu mkubwa wa Chama anapita. Mvua ikatukuta katikati ya wimbo wa kumsifu Rais. Nani angethubutu kukimbia? Tukacheza, tukatabasamu, na titi likanywa maji mpaka likashiba. Nyumbani niliogopa kulianika kwenye kamba, watu wangeuliza. Nikalisukuma chini ya godoro.

Maharagi yenye maji, nikayafunika kwenye joto! Mimi ninayeotesha mahindi ya kupikia kinywaji cha munkoyo kila mwezi, wageni wanywe, sikufikiri hata kidogo.

Leo, tulipotoka kanisani, Baba Kasongo akainua godoro kumtafuta panya wake. Akatoa kifuko kilichopasuka mshono, vichipukizi vyeupe vinachungulia nje.

"Mama Kasongo, hii iko nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Tangu hospitali sijavua blauzi mbele yake. Nalala nayo. Naoga nimefunga mlango. Nilikuwa na hakika siku akiliona kovu hatanitaka tena, na mimi mwanaume huyu nampenda, basi niliisukuma hiyo siku mbele, kila siku.

Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akacheka! Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Hasira ikanipanda, nikamtupia mto, kisha nami nikacheka, machozi yananitoka.

"Tutatia muchanga," akasema. "Muchanga haiotake."

Akachota mchanga uliobaki tulipojenga baraza, akauosha, akaukaanga kwenye sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, mpaka ukakauka. Sufuria yangu nzuri, jamani! Nikashona kifuko kipya, safari hii kitambaa mara mbili. Akaanza kumimina.

"Sasa kuya tupime."

"Tupime na nini?"

"Na ile ingine."

Vidole vyangu vilikaa kwenye vifungo muda mrefu. Yeye akangoja, kifuko mkononi. Nikafungua.

Aliangalia kovu kwanza. Hakugeuza uso. Akaliwekea kiganja, taratibu, mkono wake bado una joto la mbabula.

"Minye nilizani hautaki nione," akasema.

"Na minye nilizani hautaki kuona."

Watu wazima wawili, kitanda kimoja!

Kisha akapima kweli, titi langu lililobaki kwenye mkono mmoja, kifuko kwenye mwingine, uso umekunjamana kama wa muuza nyama. Kifuko kilikuwa chepesi. Akaongeza mchanga, akapima, akaongeza tena, akapima tena. Ile mara ya mwisho, nadhani haikuwa kwa ajili ya uzito.

Sasa yuko nje, nyuma ya nyumba, na mvua yote hii, anapanda maharagi yangu. Amekataa yatupwe. Namsikia anaimba vibaya.

Blauzi iko kwenye kiti. Akirudi atanikuta hivi hivi.