Maneno Yako Sikuyafikisha

Mpendwa mama,

Leo nimepita kwako nikakuta lile tangazo la kunawa mikono bado limebandikwa kwenye mlango wa jikoni. Limefifia, ila picha ya bomba inaonekana. Bomba! Nasi tulikuwa tunateremka hadi kijitoni, wewe na goti lako bovu, mtungi kichwani.

Unawakumbuka wale wanafunzi wa chuo kutoka ng'ambo, waliokuja kujitolea kutufundisha kunawa mikono, kama sehemu ya masomo yao? Wawili walikaa kwako. Yule mrefu ulimwita Nafula kwa sababu alikuja na mvua. Ukamfundisha kusonga obusuma, ugali wetu, mpaka akaota malengelenge, mkacheka mpaka machozi. Uliwapenda, mama, na hilo sitaki mtu alisahau.

Siku ya kuagana, mwalimu wao aliuliza wenyeji wana maoni gani. Mkalimani nilikuwa mimi. Ukasimama, ukakaza leso. "Kunawa tunajuanga. Maji ndiyo iko mbali. Mbona hamkuniuliza kabla ya kuja?"

Nikawaambia: mama anawashukuru sana, karibuni tena. Wakapiga makofi.

Niliogopa wataudhika wasirudi, nami nikose kazi. Njiani ulikuwa na furaha, hata goti ukalisahau. "Angalau wamesikia," ulisema. Mwaka uliofuata wakaja wengine na matangazo yale yale. Ukaniuliza, "Kwani nilisema vibaya?" Nikajifanya natafuta viatu. Ukatutoka bila jibu. Hukusema vibaya, mama. Ni mimi.

Siku hizi mratibu wa mpango huo ni mimi, hapa Kakamega. Safari hii, kabla wanafunzi hawajapanga lolote, niliwapeleka kwanza kwa wenyeji. Jirani yako Mama Ayuma akasimama, akasema karibu yale yale, tena kwa ukali kukuzidi. Nikatafsiri neno kwa neno. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Basi tuanzie wapi?" Mama Ayuma akaingia ndani, akatoka na mitungi.

Wiki nzima sasa wanateka maji naye, na akina mama wenyewe ndio wanaowaonyesha chemchemi wanayotaka ijengewe.

Siku ile, kikao kilipoisha, Mama Ayuma alinishika mkono. "Wamesikia kweli?"

"Wamesikia," nikamjibu. Nikalia palepale, mama, maana jibu hilo lilikuwa lako.

Pumzika sasa, na goti lako lipumzike.

Mkalimani wako,
kifungua mimba.